Uchambuzi wa kisa: Kimara mpaka Morogoro kwa baiskeli, kilichomshinda Januari na kilichombeba Julai

Hiki ni kisa cha jamaa mmoja ninayemfahamu vizuri, nimeomba ruhusa yake akakubali kwa sharti moja tu, nisimtaje jina wala kazini kwake, basi tumwite Mdau. Nimebadilisha vitu vidogo vidogo vya kumtambulisha ila njia, muda na makosa yote ni vilevile, yakiwemo makosa yangu mimi niliyekuwa najifanya mshauri. Naandika kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza "nataka nianze safari ndefu za baiskeli, ninunue baiskeli gani?", na kisa cha Mdau kinajibu hilo swali vibaya sana, yani kinalitupa pembeni kabisa.

Mdau ni nani

Miaka 41, kazi ya ofisini, anakaa Kimara. Alianza baiskeli kwa sababu ya presha na kitambi, daktari kamwambia atembee, ye kuona aibu kutembea jioni na kobazi mtaani akanunua baiskeli ya mtumba. Baiskeli yenyewe ya mlimani, tairi pana zenye meno, fremu nzito lakini nzima, gia zinafanya kazi. Kwa mwaka mzima alikuwa anapiga kilomita 30 mpaka 40 kila Jumapili asubuhi, Kimara mpaka Kibaha Maili Moja anageuza, anakunywa supu anarudi kulala. Mwendo wake wa kawaida kilomita 18 au 19 kwa saa. Hana kilabu, hana nguo za kubana, hana mpango wa mashindano.

Mwezi Desemba akaenda kwao Morogoro kwa basi, akiwa dirishani akaanza kuhesabu milima. Aliporudi akanipigia, "Kaka, mi naweza kwenda Moro na baiskeli." Nikamuuliza umeshawahi kwenda kilomita 60? Akasema bado, ila njia ameiona yote, haina mlima wa kutisha.

Hapo kwenye mlima hakukosea sana. Kutoka Kimara mpaka Msamvu, pale stendi ya Morogoro, ni kama kilomita 178, unapanda na kushuka vilima vya kawaida, Morogoro yenyewe ipo kama mita 500 juu ya bahari. Hakuna mlima kama Sekenke humo wala Kitonga. Ndio maana watu wengi wanaidharau.

Jaribio la kwanza, Januari

Mpango ulikuwa aondoke saa 11 alfajiri. Akaondoka saa 12:20 kwa sababu tairi la nyuma lilikuwa limelegea usiku na pampu aliazimisha kwa jirani, mpaka jirani aamke ndo safari ianze. Kifungua kinywa: chai ya rangi na maandazi mawili. Mfukoni: pakiti moja ya biskuti, hela, simu imejaa chaji. Mgongoni kibegi chenye chupa za maji. Mi ndo nilimwambia "maji kaka, maji, Januari hii jua litakuua", na hiyo kauli nitairudia chini maana siyo nzuri kama inavyosikika.

Mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi alikuwa anaenda mwendo wake. Maeneo ya Kiluvya, saa 12:55, likampita kundi la vijana wa baiskeli za mashindano, sita hivi, mmoja akamwambia "mzee njoo nyuma yetu, kaa karibu". Akakaa. Ukikaa nyuma ya kundi upepo wanaubeba wao, unaona baiskeli yako imepata injini, na barabara pale ni ile ya njia nane mpaka Kibaha, laini kama meza. Saa 2:05 walikuwa Mlandizi, kilomita 43 toka nyumbani kwake, maana yake toka Kiluvya walitembea kilomita 26 na kitu kwa saa na ye na meno yake yale ya tairi yanaunguruma nyuma kama trekta. Vijana wakageuza kurudi Dar, wakampigia saluti. Akanitumia voisi anahema, anacheka, anasema kwa mwendo huu saa 8 mchana yupo Msamvu anakula.

Ile voisi ninayo mpaka leo. Ukiisikiliza vizuri hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, na mi niliyeisikia sikushtuka.

Baada ya daraja la Ruvu akabaki peke yake na upepo wake. Vigwaza karibu na mizani goti la kulia likaanza kuuma kwa mbele, chini ya kile kifuniko cha goti, kila akisukuma pedeli kwenye kilima. Akadhani ni uchovu tu. Pia kidole cha mwisho na cha pete mkono wa kushoto vikaanza kufa ganzi, akawa anakung'uta mkono, unarudi, unakufa tena. Anakunywa maji kila akikumbuka, anakumbuka sana. Kula hakuli kwa sababu hasikii njaa.

Chalinze kafika saa 4:40, kama kilomita 90. Hapa kuna kitu amenisimulia mara tatu na kila mara anaonyesha kwa mikono. Alinunua chupa ya maji, akashindwa kuifungua. Kifuniko kile cha plastiki cha kawaida kabisa, vidole vinateleza, havina nguvu, anageuza chupa anajaribu na mkono wa pili, hola. Mama muuza mananasi pale stendi akamwangalia weee, akamnyang'anya chupa, akaifungua, akamrudishia, akamwambia "Baba, panda basi." Mdau akacheka akasema nipo sawa mama.

Akala chipsi mayai sahani nzima, akajinyoosha kwenye benchi mpaka saa 6:10 mchana. Sasa fikiria, Januari, saa sita, lami ya Chalinze, tumbo limejaa mafuta, ndo anaondoka. Kilomita 14 zilizofuata zilimchukua saa 1 na dakika 20. Mwishoni akawa anasukuma baiskeli kwa miguu kwenye vilima ambavyo asubuhi asingevitambua kama ni vilima. Anasema aliona barabara kama ipo mbali na yeye, semi linapita analisikia kwa kuchelewa. Akakaa chini ya mwembe, akanipigia saa 7:30: "Kaka nimekaa hapa chini ya mti, sijui hata kama nililala."

Uamuzi chini ya mwembe

Nilimwambia kitu kimoja tu, tafuta soda sasa hivi, siyo maji. Kijana wa bodaboda akamletea mbili toka kwenye kibanda cha mbele. Baada ya dakika 30, 40 hivi sauti yake ikawa ya mtu tena, na hapo ndo ikaja hatari yenyewe, akaniambia "nimepona, naendelea".

Tukabishana. Hoja yake: zimebaki kilomita 74, mchana bado mrefu. Hoja yangu ilikuwa breki. Nikamwambia bana breki ya kushoto mpaka mwisho, unaweza? Kimya. Halafu: "Nusu." Barabara ile ndo inabeba malori ya Zambia, Congo, Rwanda, Burundi, yote yanapita hapo, pembeni ya lami kuna sehemu pamekatika, ukishuka kilima unahitaji mikono miwili yenye akili. Akakubali kwa hasira. Akapanda Fuso la nyanya lililokuwa linaenda Dar, baiskeli juu ya matenga, elfu kumi.

Kwa maoni yangu huu ndo uamuzi bora kabisa kwenye kisa chote na aliufanya akiwa amenuna.

Alichotaka kufanya, na tulichofanya badala yake

Wiki iliyofuata alikuwa ameshapata baiskeli ya mashindano, ya mtumba lakini kali, bei yake milioni moja na ushee, anataka kukopa kwenye kikoba. Kwa akili yake wale vijana walimshinda kwa baiskeli. Nikamwomba kabla hajakopa twende kwa fundi mmoja mzee anayekaa chini ya mwarobaini mtaa wa pili, fundi baiskeli wa miaka mingi, nilitaka tu aangalie goti linapokunjwa.

Mdau akamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba. Panda nikuone." Akapanda huku ameegemea mti, akazungusha pedeli kinyumenyume. Mzee hakuangalia hata mnyororo, akaanza kucheka. "Wewe baiskeli umeikalia kama mbuzi ya kukunia nazi!"

Siti ilikuwa chini mno. Mdau aliiweka hivyo toka siku ya kwanza ili akisimama miguu yote miwili ikanyage chini vizuri, wengi tunafanya hivyo, ndo raha ya mwanzo. Kwa kilomita 30 goti linavumilia, ila kwa mwendo wa wastani mguu unazunguka mara elfu nne au tano kwa saa, na kila mzunguko goti linasukuma likiwa limekunjwa sana, presha yote inakuja mbele. Njia ya mzee ni ile ya wengi: kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke kabisa bila kiuno kuinama upande. Ukihamia sehemu ya mbele ya unyayo goti linabaki limekunjika kidogo tu. Siti ilipanda vidole viwili, kama sentimita 4, lakini siyo siku moja, kidole kimoja wiki ya kwanza, cha pili baada ya wiki mbili ili mwili uzoee.

Siti ikipanda uzito unahamia mikononi, kwa hiyo mzee akapandisha na shingo ya usukani, halafu akafunga pembe mbili pembeni ili mikono iwe na sehemu zaidi ya moja ya kushika. Ganzi ya vidole viwili vya mwisho inatokana na mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo, ukiugandamiza masaa matano mfululizo huku viwiko vimekaza unaleta shida, na ikikolea nguvu ya vidole inapungua, ndo ile chupa ya Chalinze. Kidole chake cha mwisho kilichukua wiki tano kurudi sawa. Asingeshuka pale, sijui.

Tairi zikabadilishwa, za meno zikatoka zikaja laini. Jumla yote, tairi, pembe na ufundi, haikufika laki. Ya kikoba ikabaki kikobani.

Kula kwa saa, siyo kwa njaa

Hili nalipa kichwa chake kwa sababu ndo lilimwangusha, goti na mkono vilikuja kumalizia tu.

Mwili unatunza sukari ya akiba kwenye misuli na ini, ukiendesha kwa nguvu inakutosha kama saa moja na nusu mpaka mbili. Ukienda polepole unachoma mafuta zaidi na akiba inadumu. Mdau alipowafuata wale vijana aliichoma akiba karibu yote kabla ya Mlandizi, na kilomita zote mpaka Chalinze alikuwa anaendesha kwa maandazi mawili na biskuti. Kinachoshauriwa kwa safari za masaa mengi ni gramu 30 mpaka 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu ya wastani ina kama 25. Piga hesabu mwenyewe alikuwa na deni kiasi gani. Na njaa haikuja, joto na kuhema vinaifukuza, kwa hiyo ukisubiri njaa umeshachelewa.

Sasa kauli yangu ya "maji, maji". Alikunywa lita 3 za maji matupu mpaka Chalinze bila chumvi wala sukari, tumbo linacheza kama pipa, anajiona anajitunza. Jasho linatoka na chumvi. Kuyafukia maji mengi matupu juu ya jasho kwa masaa mengi kunaweza kushusha chumvi kwenye damu mpaka mtu akachanganyikiwa, na kuna watu imewaua kwenye mbio ndefu. Sisemi Mdau alifika huko, dalili zake zilielekea zaidi kwenye sukari na soda ilimrudisha, ila ushauri wangu ulikuwa nusu na nusu yenyewe ya kijinga. Tulichobadilisha: chupa moja maji, chupa nyingine maji yenye ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa duka la dawa, ile pakiti moja kwa lita moja kama ilivyoandikwa, usizidishe unga, na anakunywa kwa kiu.

Simu ikawekwa alamu kila nusu saa. Ikilia anakula, ana hamu hana hamu: tende tatu nne, au nusu ndizi, au kipande cha chapati iliyopakwa asali ikasokotwa, au kashata. Kashata ilikuwa wazo la mke wake na kusema kweli ilizishinda zote, haiyeyuki mfukoni.

Kupanda ngazi

Mazoezi hayana mengi ya kusimulia. Safari moja ndefu kwa wiki, kilomita 50, 65, 80, anarudi 60 apumzike, halafu 100. Machi mpaka Mei masika ikamla wiki nyingi. Kipimo cha mwendo kilikuwa mdomo, kama huwezi kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi, punguza. Kundi likipita, unawapungia mkono wapite.

Juni akaenda Bagamoyo na kurudi, kama kilomita 130, hii naipendekeza kwa yeyote wa Dar kabla ya kufikiria Moro. Siyo kwa urefu tu. Msimu huo kusi inavuma, ukienda Bagamoyo inakusukuma mgongoni, unapita Bunju, Mapinga, Kerege unajiona umeshakuwa bingwa, unakula pweza wako pale ufukweni, halafu unageuza na inakupiga usoni mpaka Tegeta. Mdau alirudi kwenye giza, kachoka mbaya, lakini anakula kila nusu saa, anaongea. Hapo nikajua Moro ipo.

Jaribio la pili, Julai

Alichagua Jumapili ya katikati ya mwezi makusudi, Sabasaba imepita, Nanenane bado haijajaza barabara. Saa 11 kamili alfajiri katoka, taa nyekundu nyuma, koti la kung'aa. Uji wa ulezi umeshaingia saa moja kabla.

Mlandizi alifika akiwa amechelewa zaidi ya dakika 30 ukilinganisha na Januari kwa muda wa barabarani. Chalinze saa 4 na dakika chache, hajaumwa popote, akakaa dakika 25 tu, soda na chapati. Yule mama wa mananasi hakuwepo, alimuulizia.

Kabla ya Bwawani pancha. Hapa tulichemka. Tyubu ya akiba alinunua dakika za mwisho, ina mdomo mwembamba ule wa baiskeli za mashindano, pampu yake na rimu yake ni za mdomo mnene kama wa pikipiki. Tyubu inaingia, pampu haishiki, upepo hauendi. Dakika 45 zikaliwa pale mpaka akapatikana fundi wa kijijini akabandika kiraka kwenye ile tyubu ya zamani, buku. Tulipima goti, tukapima siti, hakuna aliyejaribu kuijaza ile tyubu nyumbani!

Kosa la pili ni la aibu, ameniruhusu niliseme. Kaptula ya sponji alivaa juu ya chupi. Ile inavaliwa yenyewe, mshono wa chupi kwa masaa tisa ni msasa. Kuanzia Mikese alikuwa anaendesha amesimama nusu ya muda, huku Uluguru ipo mbele inakua polepole na haifiki.

Msamvu saa 10:20 jioni. Masaa 11 na dakika 20, kati ya hizo kwenye pedeli ni 9 na dakika 10, wastani kilomita 19 na kidogo. Mwendo wake uleule wa supu ya Kibaha. Kwa kulinganisha, zile safari ndefu zisizo za mashindano zinazofanyika sehemu nyingi duniani kwa kanuni za Audax zinakupa masaa 13 na nusu kwa kilomita 200, kwa hiyo yupo ndani ya muda kwa baiskeli ya mlimani ya mtumba.

Kilichobaki hakijakaa sawa

Kurudi alirudi na basi, konda akataka nauli ya mtu mzima kwa ajili ya baiskeli kwenye buti, wakaelewana nusu. Goti halikuuma kabisa. Kidole cha mwisho cha kushoto kilipata ganzi kidogo kilomita 30 za mwisho, pembe zilisaidia lakini hazikumaliza, na nadhani ni kwa sababu akichoka anasahau kuhamisha mikono. Tunajaribu alamu ileile ya kula iwe pia ya kubadilisha mshiko, Jumapili mbili sasa, bado sina la kusema.

Ye ameshaanza kuuliza habari za Dodoma. Nimemwambia aniletee kwanza tyubu yenye mdomo mnene, iliyojazwa upepo, niione kwa macho.